Naomba ushauri: nawezaje kukua kiroho kwa makusudi?

Shalom wapendwa. Nimeokoka miaka kadhaa sasa, ibada sikosi na kwaya naimba. Lakini natamani ukuaji wangu wa kiroho uwe na mpango, usiwe wa kusubiri semina au mkesha. Paulo alimwambia Timotheo ajizoeze kupata utauwa, yaani maisha ya kumcha Mungu (1 Timotheo 4:7), na mazoezi hayaji yenyewe. Mtu huyatengea muda.

Kwenye maombi nafuata mfano wa Danieli, aliyeomba mara tatu kwa siku hata baada ya kujua amri ya mfalme iliyokataza maombi hayo imetiwa sahihi (Danieli 6:10). Hapo naona mwelekeo.

Kinachonisumbua ni Neno. Biblia ya vitabu 66 ina sura 1,189, hivyo kuimaliza kwa mwaka ni sura tatu hadi nne kila siku. Kwa kasi hiyo, hasa nikifika Mambo ya Walawi na Hesabu, namaliza sura bila kujua Mungu amesema nini nami. Nikitulia kwenye waraka mmoja, mfano Wafilipi wenye sura 4 tu, maneno yanakaa moyoni na naanza kuyatii. Ila nahofia kubaki mgeni katika sehemu kubwa ya Maandiko. Naegemea kusoma polepole, lakini sitaki kuamua peke yangu.

Ninyi mliotangulia katika imani, mnafanyaje? Na je, nimwombe mtu aliyekomaa kiroho anifuatilie kwa karibu, au nimtegemee mchungaji, ingawa ana washirika wengi? Mungu awabariki.