Mwalimu wa Kiingereza ng'ambo aajiriwe kwa pasipoti au kwa ufundi?

CHAKI MKONONI (mleta mada)

Wakuu, naweka hoja mezani nikiwa na kinyongo kidogo, sitaficha.

Nimesimama darasani miaka tisa. Nina shahada ya ualimu, na nina CELTA, kile cheti cha Cambridge ambacho hukipati bila kufundisha wanafunzi wa kweli kwa saa sita huku mkufunzi amekaa nyuma ya darasa na kalamu yake, anaandika kila unapojikwaa. Mwaka jana niliomba kazi kwenye shule moja ya Asia Mashariki. Barua yao ya kwanza ilikuwa sifa tupu. Ya pili iliomba picha, tena wakasisitiza niwe natabasamu. Ya tatu iliomba ukurasa wa pasipoti. Ya nne naisubiri mpaka leo.

Nikaanza kuchimba. Korea Kusini, kwa mfano, mwalimu wa lugha huingia kwa viza iitwayo E-2. Kwa upande wa Kiingereza, kwa kawaida viza hiyo ni ya raia wa nchi saba: Marekani, Uingereza, Kanada, Ayalandi, Australia, Nyuzilandi na Afrika Kusini. Ukiwa raia wa mojawapo, kinachotakiwa hasa ni shahada ya kwanza na karatasi ya kuonyesha huna rekodi ya uhalifu. Shahada ya nini? Yoyote. Umesomea miamba, karibu. Umesomea uhasibu, karibu.

Sasa itazameni Afrika Kusini. Sensa yao ya 2011 ilikuta Kiingereza ni lugha ya nyumbani kwa asilimia 9.6 tu ya wananchi. Sisemi watolewe, nawapongeza. Nasema kama nchi hiyo imo, basi orodha haipimi lugha ya mama. Na waombaji wa huko hutakiwa kuthibitisha kwamba walisoma kwa Kiingereza. Vizuri kabisa, hicho ndicho kipimo! Mbona Mghana, Mkenya na Msingapoo hawapewi nafasi ya kupimwa nacho?

Kinachonichoma zaidi ni hiki. Mwaka 1961 Jumuiya ya Madola ilifanya mkutano Makerere kuhusu ufundishaji wa Kiingereza kama lugha ya pili. Mwaka 1992 msomi Robert Phillipson aliurudia mkutano huo akaonyesha imani tano zilizoubeba, mojawapo ikiwa kwamba mwalimu bora wa Kiingereza ni yule aliyezaliwa nacho. Akaiita imani hiyo potofu. Kwa hiyo fimbo tunayochapwa nayo ilinolewa Makerere. Mwaka 2006 TESOL, chama cha kimataifa cha walimu wa Kiingereza, kilitoa tamko la kupinga ubaguzi dhidi ya walimu wasio wazawa wa lugha. Matangazo ya kazi yanaendelea vilevile.

Hoja yangu: pasipoti itoke kwenye vigezo. Watu wote wapimwe lugha, wazawa wakiwemo, kisha wafundishe somo la majaribio. Nipingeni.

MPITA NJIA

Pole kwa barua ya nne, mkuu. Lakini umesahau kumtazama anayelipa. Shule ya binafsi ni duka. Mzazi anaingia mlangoni na kusema anataka mwanawe aongee kama watu wa kwenye filamu. Mwenye duka afanye nini, amsomee tamko la 2006?

Na viza ni mlango wa mtu. Mwenye nyumba haulizwi kwa nini amemfungulia huyu akamwacha yule. Wakati wowote akitaka anaufunga. Julai 2021 China ilibana mafunzo ya ziada ya biashara kwa watoto wa shule, na ikapiga marufuku kuwatumia walimu wa kigeni walio nje ya nchi. Watu waliokuwa wanafundisha watoto wa Kichina kwa video kutoka sebuleni kwao walibaki wanaangalia skrini. Wengi wao walikuwa na pasipoti hizohizo unazozililia.

BIBI SARUFI

Mpita Njia, mteja kutaka kitu hakukifanyi kiwe dawa. Ngoja niwasimulie cha darasani.

Nimefundisha watu wazima kutoka China kwa miaka kadhaa. Kuna bwana mmoja, mhandisi, Kiingereza chake cha kusoma kilikuwa kinanizidi mimi. Lakini akianza kumsimulia mke wake, mke anakuwa "he". Sentensi inayofuata anakuwa "she", halafu anarudi kuwa "he". Mwenzangu wa chumba cha pili, mzawa wa lugha na mtu mwema sana, alikuwa anamkatiza kila mara: "She! She!" Bwana anaona haya, ananyamaza.

Mimi nilijua anaumwa wapi, kwa sababu na mimi niliwahi kuumwa hapo. Kichina cha mdomoni hakitofautishi, neno la mwanamume na la mwanamke linatamkwa sawa. Na sisi je? Yeye ni yeye. Alikuja, alilala, aliondoka: hujui kama ni mume au mke mpaka uambiwe. Nikamwambia hivyo, akacheka mpaka akavua miwani. Tukafanya mazoezi ya kusimulia picha za familia polepole, akishika kwanza sura ya mtu kichwani ndipo aseme kiwakilishi. Baada ya wiki chache alikuwa anajisahihisha mwenyewe.

Hali kadhalika "a" na "the". Wajapani, Wakorea, Wachina, wote lugha zao hazina vidude hivyo, na Kiswahili pia hakina. Mwanafunzi akiniuliza kwa nini ni "the sun" lakini ni "a star", siwezi kumjibu kwamba inasikika vizuri tu, maana kwangu haikuwahi kusikika vizuri. Ilibidi niisomee. Njia niliyopita nikiwa gizani ndiyo ninayomwonyesha mwenzangu. Hicho ndicho kitu ninachouza, na hakuna ukurasa wa pasipoti unaokionyesha.

MPITA NJIA

Bibi, nimekubali kwa watu wazima. Mtoto wa miaka sita hahitaji historia ya "the".

SANDUKU MOJA

Naona mnanizungumzia mimi nikiwa nimekaa hapa. Nina pasipoti ya Kanada, wazazi wangu waliniongelesha Kiswahili nyumbani, Kiingereza nikakikuta shule ya chekechea. Nilikwenda Korea nikiwa na shahada ya jiografia na cheti cha mtandaoni cha saa 120, ambacho kusema kweli nilikimaliza wikiendi tatu, nusu yake nikiwa kitandani.

Siku ya kwanza nilipewa watoto kumi na mmoja wa miaka minane, dakika 40, na kitabu. Dakika ya 12 kitabu kilikuwa kimeisha. Nilikuwa nimeshasoma kila neno, wameshalirudia kila neno, wananitazama. Nikawafundisha majina ya vitu vilivyokuwa mezani kwangu. Kalamu. Saa. Funguo. Dakika ya 20 vitu vikaisha. Nikaanza kutoa vya mfukoni. Jamani, ile saa ya ukutani ilikuwa imesimama, nawaapia.

Kwa hiyo mleta mada ana haki. Mimi sikustahili lile darasa, na niliajiriwa kwa simu ya dakika 15.

Lakini mjue pasipoti nayo ina ghorofa zake. Wakala wangu aliniambia waziwazi kwamba shule mbili zilinikataa baada ya kuona picha, na hazikuuliza nimezaliwa wapi. Zilitaka mzungu. Ukifuta kigezo cha pasipoti leo, picha itabaki, na picha haimo kwenye sheria yoyote ya kufuta. Hapo sijui mtapambana na nani.

La pili, mnazungumza kama vile kule ndani ni peponi. Nyumba niliyolala ilikuwa ya shule. Viza ilikuwa imefungwa kwenye mkataba wa shule. Ukigombana na bosi Jumatatu, Ijumaa huna kazi, huna pa kulala, na siku zako za kukaa nchini zimeanza kuhesabiwa. Sheria ya Korea inampa mfanyakazi aliyemaliza mwaka kiinua mgongo cha takriban mshahara wa mwezi mmoja. Mwenzangu wa meza ya jirani aliachishwa akiwa kwenye mwezi wa kumi na moja wa mkataba wake. Sababu waliyoandika ni "nidhamu". Alikuwa hajawahi kuchelewa hata siku moja.

Na wazee wa Japani wataikumbuka Oktoba 2007, kampuni ya Nova, mnyororo mkubwa kuliko yote wa shule za Kiingereza nchini humo, ilipoanguka. Maelfu ya walimu wa kigeni walikwama bila mishahara, na wapo waliofundisha ili walipwe chakula. Pasipoti zao zilikuwa safi.

MZAZI MLIPAJI

Mimi ndiye yule mteja mnayemsema. Simchukii mwalimu yeyote. Nalipa ada ili mwanangu asikie matamshi yatakayomfaa kwenye usaili wa kazi miaka kumi na mitano ijayo, maana watakaomsaili ndio watakaomhukumu, si ninyi. Nikiona shule imeweka mwalimu mwenye lafudhi tofauti, naogopa. Woga wangu ni wa kijinga? Huenda. Lakini ni wangu, na pesa ni yangu.

BIBI SARUFI

Mzazi, nakuuliza kwa heshima: lafudhi ipi? Ya Glasgow? Ya Texas? Ya Johannesburg? Zote zimo kwenye orodha ya nchi saba, na zikikutana chumba kimoja wenyewe kwa wenyewe huulizana "umesemaje?"

KONA YA UBAO

Nasoma tangu juu, hakuna aliyemtaja mwalimu wa Kiingereza mzaliwa wa nchi hiyo mnayotaka kwenda. Yupo. Ndiye aliyefanya mitihani ya kazi, ndiye anayebaki na darasa la watu 35 mkiwa mmesharudi makwenu.

Mpango wa JET wa Japani, ulioanza 1987, angalau unasema ukweli kwenye jina: wengi wanaokwenda ni walimu wasaidizi wa lugha. Wanasimama darasani pamoja na mwalimu Mjapani. Hawadaiwi leseni ya ualimu kwa sababu hawaendi kuwa walimu wakuu wa somo. Mtu anajua nafasi yake. Kwangu mimi huo ni utaratibu wa haki kuliko shule inayomvisha mhitimu wa jiografia (samahani, Sanduku) joho la ualimu kwa sababu ya alikozaliwa.

Kwa hiyo namuunga mkono mleta mada nusu. Kipimo kiwe ufundi, sawa. Lakini tukikitumia kwa ukweli, nafasi nyingi zitakwenda kwa mwalimu wa palepale, anayejua Kiingereza na anayejua lugha ya watoto. Wewe na mimi hatutapata kazi hata hivyo. Umelifikiria hilo?

SANDUKU MOJA

Samahani imepokelewa. Ni kweli.

CHAKI MKONONI

Kona ya Ubao umenikamata pabaya. Sikulifikiria. Nilikuwa nahesabu mlango ulionifungia mimi, sikuhesabu waliokuwa tayari ndani ya nyumba. Nabaki kwenye msimamo wangu wa kipimo, lakini nakiri kwamba ningekuwa nimekishinda bado nisingekuwa na haki ya kumpita mwalimu wa pale, labda kumsaidia.

Mpita Njia, la mwenye nyumba na mlango wake nalielewa. Ila mwenye nyumba akiandika mlangoni "tunatafuta walimu bora" kumbe anatafuta sura, ninayo haki ya kuyasoma maandishi yake kwa sauti.

Na Sanduku, umesema la viza kufungwa kwenye mkataba. Wiki mbili baada ya ile kimya ya barua ya nne, wakala mwingine aliniandikia. Njoo kwa viza ya utalii, makaratasi tutayarekebisha ukishafika, mshahara pungufu kwa theluthi kwa sababu "unajua hali yako". Kazi ni ileile, watoto walewale, kitabu kilekile. Kumbe kwa bei hiyo Kiingereza changu kinatosha! Orodha haimzuii asiyekuwemo kufundisha. Inamfanya afundishe kwa kujificha, na anayejificha hadai kiinua mgongo.

MPITA NJIA

Hiyo hoja ya mwisho ni nzito kuliko zote ulizoanza nazo. Ungeitanguliza. Swali moja tu, ujibu kama mwanamume: pasipoti yako ingekuwa kwenye orodha, ungekwenda?

CHAKI MKONONI

Ningekwenda wiki hiyohiyo.

SANDUKU MOJA

Na ile ya utalii?

CHAKI MKONONI

Nilikaa na ile barua siku nne. Nilishaanza kutafuta nauli. Sikwenda.