Kwa nini Wajerumani wanaita ndani ya kanisa "meli"?

kipepeo_bonn: Wakuu habari za leo, naomba msaada hii kitu imenikaa kichwani. Juzi nimepeleka wageni Köln tukaingia lile kanisa kuu lao, yule mtembeza wageni kila saa Mittelschiff, mara Seitenschiff, na Kijerumani changu cha kuungaunga najua Schiff ni meli. Sasa meli ya katikati na meli za pembeni kanisani zinafanya nini?? Mwenzangu anasema Wafaransa nao wanaita nef, Waingereza nave. Limetokea wapi hili neno?

mzee_wa_misa: Yote ni Kilatini, navis, yaani meli. Waitaliano wanasema navata, Waholanzi schip. Ni ile sehemu ndefu kutoka mlangoni kuelekea altareni, wanapokaa waumini, hapo Köln ndo penye dari ya mita 43 na ushee. Seitenschiff ni njia za pembeni, nje ya nguzo. Mjerumani katafsiri, Mwingereza kachukua la Kilatini akalikata mkia.

mwana_wa_amu: Mkuu sababu ni dari tu, usiende mbali. Inua macho uone zile mbao, ni mataruma, yaani mbavu, ya jahazi lililopinduliwa mkuku juu. Kama hamuamini tafuteni picha za kanisa la Sainte-Catherine kule Honfleur Ufaransa, la karne ya 15, walilijenga mafundi wa merikebu kwa mbao za mwaloni maana ndo kazi waliyoijua, basi dari ziko mbili sambamba utadhani majahazi mawili yamefudikizwa. Mimi nimekulia kwenye majahazi, lile ni jahazi.

mzee_wa_misa: Kanisa zuri sana hilo ndugu yangu, ila limechelewa miaka elfu na zaidi. Kuna maandishi ya Siria ya kama mwaka 380 yanaitwa Katiba za Mitume, yanasema jengo la kanisa liwe refu, lielekee mashariki, lifanane na meli. Askofu ndo nahodha, mashemasi mabaharia, waumini abiria wanaoonyeshwa pa kukaa. Na kabla ya hapo Tertulliano, mwandishi wa Kikristo wa zamani, alishaandika kuwa ule mtumbwi wa wanafunzi wa Yesu baharini ni mfano wa kanisa. Kwa hiyo mimi naona wazo limeanzia kwa wahubiri, safina ya Nuhu na hayo mambo, halafu mafundi seremala wakaja kulinogesha.

da_Rehema: Mbona mnaruka Kigiriki? naos ni hekalu na naus ni meli, yamepishana herufi moja tu, na Waorthodoksi hiyo sehemu wanaiita naos mpaka kesho. Wapo wanaosema yalichanganywa hapo.

mzee_wa_misa: Dada inawezekana kabisa, lakini Mjerumani asingesema Schiff kama vichwani mwa watu haikuwa meli.

baharia_Maskati: Niwavuruge kidogo 😂 Wakristo Waarabu hawana meli hapo, wanaita sahn ya kanisa, neno lile lile la ule ua wa wazi wa msikiti, na ndo hilo hilo lililotupa sahani yetu ya wali. Na wakati huo huo safina kwa Kiarabu ni meli yoyote, hata ya kontena, sisi tukambakizia Nuhu peke yake. Yaani Mjerumani anasali melini na Mwarabu sahanini.

kipepeo_bonn: 😂😂 baharia umeniua. Asanteni jamani, kumbe ni jambo refu hivi. mwana wa Amu hiyo Honfleur naitafuta.

mama_Zuu_dk: Nimechelewa ila huku Denmark hawakuishia kwenye neno, wananing'iniza meli ndogo za mbao darini, hapo hapo juu ya waumini, nyingine mabaharia walizitoa kama nadhiri. Nyingi ni manowari, mizinga imejipanga ubavuni kabisa, na mchungaji anahubiri amani chini yake.