Nyekundu ya kanga inapauka picha ikishapanda kwenye tovuti

mwanga_ngara

Hamjambo wadau. Nina picha za kanga na vikoi za duka la Biashara Street linalouza pia mtandaoni. Kamera iko Adobe RGB (kipimo cha rangi pana), napiga RAW (faili ghafi ya kamera), nasafisha kwa programu ya Lightroom, namalizia kwa Photoshop na kuhifadhi JPEG kwa Save As. Ndani ya Photoshop nyekundu ni ile yenyewe ya kitambaa. Faili hiyo hiyo nikiidondosha ndani ya Chrome moja kwa moja kutoka kwenye kompyuta, bado iko sawa. Ikishapanda kwenye tovuti, ambayo imejengwa kwa mfumo wa WordPress, nyekundu inapauka na kijani kinaingia umanjano. Kompyuta ile ile, skrini ile ile, kivinjari kile kile. Wateja wanapokea mzigo wanauliza kama wameletewa kanga nyingine. Nianzie wapi kutafuta kosa?

fundi_wa_rangi

Jaribio lako la kuidondosha faili ndani ya Chrome limeshaondoa washukiwa wawili. Skrini na kivinjari viko sawa, maana rangi inaharibika baada ya kupita kwenye seva tu. Kilichopotea njiani ni profaili ya rangi (ICC), yaani maelezo ndani ya faili yanayosema namba za picha ni za kipimo gani.

Picha ni namba. Namba hizo hazina rangi mpaka zisemwe ni za kipimo gani, kama vile ukitajiwa "elfu moja" pale Namanga: hutoi pesa kabla hujajua ni ya Kenya au ya Tanzania. Nyekundu kali kabisa ya sRGB, kipimo cha kawaida cha wavuti, huandikwa 255, 0, 0 (nyekundu, kijani, buluu). Nyekundu hiyo hiyo ndani ya Adobe RGB ni 219, 0, 0, kwa sababu Adobe RGB ni pana zaidi na imebakiza nafasi juu yake. Profaili ikiwemo, Chrome inajua hiyo ni 219 ya Adobe RGB na inakuonyesha nyekundu kamili. Ikiondolewa, Chrome inachukulia namba zote kuwa sRGB, na 219 ya sRGB ni nyekundu iliyofifia. Kijani kinaumia zaidi: 0, 255, 0 ya sRGB huwa 144, 255, 60 kwa Adobe RGB. Zisome namba hizo bila profaili, utapata umanjano huo unaouona.

Kuthibitisha, pakua picha moja kutoka kwenye tovuti yako, kisha iendeshee amri hii ya exiftool, programu ya kusoma maelezo ya ndani ya faili, na uiendeshee pia ile asili:

exiftool -ICC_Profile:ProfileDescription picha.jpg

Ya asili itataja Adobe RGB. Ya tovuti, kama nisemavyo, haitajibu kitu.

Dawa ni kubadilisha kabla ya kupandisha. Hifadhi PSD yako kama ilivyo, fanya nakala, iunganishe tabaka zote ziwe moja, nenda Edit, Convert to Profile, chagua sRGB IEC61966-2.1, Relative Colorimetric, na uweke alama kwenye Black Point Compensation. Shusha iwe biti 8, hifadhi JPEG huku ICC Profile ikiwa na alama.

Usiguse Assign Profile iliyo juu yake kwenye menyu hiyo hiyo. Wengi wanaharibikiwa hapo. Convert hubadilisha namba ili mwonekano ubaki. Assign huacha namba na kubadilisha mwonekano. Fungua paneli ya Info uweke kishale juu ya pindo jekundu la kanga: baada ya Convert namba zinahama lakini picha inatulia. Ukiona picha inaruka na namba zimekaa palepale, umebonyeza ile nyingine. Rudi nyuma.

Jambo moja la pembeni: ile Adobe RGB ya kwenye kamera haigusi RAW, ni ya JPEG zinazotoka kwenye kamera. Profaili uliyo nayo imetoka kwenye mipangilio ya Lightroom, sehemu ya External Editing. Iangalie. Ikiwa ProPhoto RGB, ambayo ni pana kuliko hata Adobe RGB, picha ikipoteza profaili itapauka kuliko hata sasa.

seva_na_chai

Nakubaliana na fundi. Naongeza upande wa seva, maana ukiacha hapo utashangaa siku nyingine.

WordPress haionyeshi faili uliyopandisha tu, inatengeneza nakala ndogo kadhaa, na ukurasa wa bidhaa mara nyingi unaonyesha hizo. Nakala zinatengenezwa na Imagick au GD, zana mbili za seva za kuchakata picha. Imagick inahifadhi profaili. GD inaitupa, na haibadilishi namba kabla ya kuitupa. Ingia Tools, Site Health, Info, ufungue Media Handling, usome Active editor. Ikiwa ni GD, mwombe anayekuuzia nafasi ya seva awashe Imagick. Kagua pia programu-jalizi ya kukandamiza picha: ile alama ya kuondoa metadata (maelezo ya ndani ya faili) mara nyingi huondoa na profaili humo humo.

Picha za zamani zisirekebishwe kutoka kwenye nakala za tovuti. Chukua za asili zenye profaili, uziendeshee amri hii ya ImageMagick, programu ya kuchakata picha:

magick kanga.jpg -profile sRGB.icc kanga-wavuti.jpg

Amri hiyo inabadilisha namba pale tu faili inapokuwa na profaili yake tayari. Isipokuwa nayo, inabandika sRGB juu ya namba za zamani, na utakuwa umeandika kosa ndani ya faili kwa wino usiofutika. Na usiongeze -strip kabla ya -profile.

Kuhusu kuacha profaili ndani baada ya kubadilisha, mimi naiondoa kwenye vijipicha vidogo. Ile ya kawaida ya sRGB ina baiti 3144. Ukurasa wenye vijipicha 40 unabeba takriban kilobaiti 125 za maelezo matupu, na mteja yuko kwenye bando la simu. Picha kubwa ya bidhaa ibaki nayo.

fundi_wa_rangi

Kwa vijipicha sawa. Ila kwa duka la vitambaa ningeiacha profaili hata huko. Mteja anachagua kanga kwa kijipicha, akifungua picha kubwa aone rangi ile ile.

mwanga_ngara

Asanteni. Exiftool imesema kama mlivyosema, na seva ilikuwa GD. Nimebadilisha picha sita kuwa sRGB na Chrome sasa inalingana na Photoshop. Yamebaki mawili. Kwenye Firefox, skrini yangu ya rangi pana, picha iko sawa lakini mandhari ya ukurasa haifanani nayo: picha ina ukingo wa rangi ya maziwa, nami nimeweka kodi ile ile ya rangi kwenye CSS (maelekezo ya mwonekano wa ukurasa). Pili, kwenye kanga nyekundu yenye maua, mistari midogo ndani ya nyekundu imepotea, imekuwa bapa moja.

kipimo_halisi

La kwanza ni mpangilio wa Firefox. Andika about:config, tafuta gfx.color_management.mode. Ikiwa ni 2, Firefox inasimamia rangi za picha zenye profaili peke yake. Rangi za CSS na picha zisizo na profaili zinatupwa kwenye skrini zilivyo, na skrini pana inazikoleza. Weka 1, funga kivinjari ufungue upya. Hiyo inatibu kwako tu, mteja hajui hayo mambo. Kwa hiyo usitegemee ukingo wa picha kufanana na ukurasa: kata kitambaa, mandhari yawe wazi kabisa, uhifadhi WebP au PNG. Hapo hakuna ukingo wa kulinganisha.

La pili halihusiani na kivinjari. Nyekundu ya kanga mpya iko nje ya sRGB, na Convert imezikata namba zote zilizozidi kwenye ukuta mmoja. Kuchagua Perceptual badala ya Relative Colorimetric hakukusaidii, kwa sababu profaili ya kawaida ya sRGB ni ya matriksi, haina jedwali la kubana rangi taratibu. Inakata vilevile. Lazima ubane mwenyewe kabla ya kubadilisha. Kwenye Lightroom, moduli ya Develop, bonyeza S uone soft proof (mfano wa picha itakavyokuwa ikibadilishwa), chagua sRGB, washa onyo la rangi zilizozidi. Shusha Saturation ya nyekundu kidogo kidogo, tuseme kuanzia -8, na Luminance yake kidogo, huku ukitazama ile mistari na si lile onyo. Mistari ikirudi, acha. Ukifukuzia onyo lote liishe utaua nyekundu. Kwenye Photoshop chagua kwanza sRGB kwenye View, Proof Setup, kisha onyo hilo ni Shift+Ctrl+Y.

Skrini yenyewe ipimwe kwa kifaa: nyeupe 6500K, gama 2.2, mwangaza kati ya candela 80 na 120 kwa mita mraba kulingana na chumba. DisplayCAL, programu ya kupimia, ni ya bure. Zima Night Light kabla ya kupima na kabla ya kuhariri. Kwenye Windows endesha colorcpl uhakikishe profaili mpya ndiyo iliyochaguliwa kwa skrini hiyo, si ile iliyoletwa na dreva.

seva_na_chai

Na simu. Samsung nyingi zina hali ya Vivid na ya Natural kwenye mipangilio ya skrini, na Vivid inakoleza nyekundu kuliko kitambaa chenyewe. Huwezi kuidhibiti simu ya mteja. Piga picha moja ya kila kanga ikiwa na kadi ya kijivu pembeni, utoe white balance (usawa wa nyeupe) hapo kwa zote za siku hiyo. Duka lenye taa za ndani na mwanga wa mlangoni kwa pamoja litakupa nyeupe mbili kwenye kitambaa kimoja, kwa hiyo zima taa usogeze meza mlangoni, au ziba mlango utumie taa zako peke yake.