Viongozi wa patroli wamechaguliwa na mafunzo wamepewa, ila kazi zote bado tunafanya sisi wazima

msaidizi_wa_kundi

Habari zenu wakuu. Naomba mawazo kwa wenye uzoefu wa kulea vijana kwenye skauti. Mi ni msaidizi wa skauti masta, yaani mtu mzima anayesimamia kundi, na kundi letu lina patroli nne (vikundi vidogo ndani ya kundi), vijana wa miaka 11 mpaka 17. Tulifanya uchaguzi, kila patroli ikachagua kiongozi wake na kundi zima likachagua kiongozi mkuu wa vijana, baada ya hapo tukawakalisha siku nzima tukawapa semina, sifa za kiongozi bora, aina za uongozi, mawasiliano, madaftari yakajaa. Wakavishwa alama zao mbele ya wazazi, picha zikapigwa, kila mtu akafurahi.

Sasa hivi mkutano ukianza kiongozi mkuu anapiga filimbi, anapanga mistari, afu anageuka kututazama sisi. Basi. Anayegawa kazi mimi, anayefundisha mafundo mimi, anayejua hema lipi lina nguzo pungufu mimi. Kiongozi mmoja wa patroli kazi yake ni kufoka tu mpaka wenzake wanamkwepa, mwingine ni mpole sana, walimchagua kwa sababu wanampenda, ila akisimama mbele sauti haitoki.

Mafunzo ya hawa vijana nyie mnayafanyaje, ya muda gani, na nani awafundishe? Hizi nafasi nyingine kama mwandishi na mtunza vifaa zina kazi kweli au ni mapambo? Na huyu anayefoka tumvue cheo au tumvumilie?

fundo_la_mzee

Mkuu pole na hongera, maana makundi mengi hata uchaguzi hayafanyi, skauti masta anateua anaowapenda yeye.

Kuhusu mafunzo, mtoto wa miaka 13 ukimwambia aina za uongozi anaandika kama anavyoandika somo la darasani, akitoka pale hajui mkutano ujao afanye nini. Mimi mafunzo ya mwanzo nayafanya nusu siku tu, tena mapema baada ya uchaguzi kabla hawajazoea kukaa bure. Nachukua ratiba ya mwezi unaokuja naiweka mezani. Hii hapa kambi, hii hapa mikutano, je patroli yako ina watu wangapi, nani bado hajui kufunga hema, nani atamfundisha, lini. Kiongozi wa patroli ana watu sita, saba, nane hivi, kazi yake ni kuwajua hao, kuwagawia kazi, kuhakikisha imefanyika na kuwasemea kwenye baraza. Akiweza hayo manne hizo sifa za kiongozi bora atazikuta njiani.

Na patroli yenyewe siyo pambo la gwaride. Baden-Powell, mwanzilishi wa skauti, alipofanya ile kambi ya majaribio kisiwa cha Brownsea kule Uingereza Agosti 1907, vijana kama 20 hivi, wengine wa familia za wenye nazo na wengine watoto wa kawaida kabisa, aliwagawa patroli nne na kila patroli ikawa na kijana mkubwa kidogo anayewajibika kwa wenzake. Kuna msemo wa zamani wa skauti kwamba mfumo wa patroli siyo njia mojawapo ya kuendesha skauti, ndiyo njia yenyewe. Kwa hiyo kama patroli zenu zipo wakati wa kupanga mistari tu na shughuli zote mnafanya kundi zima kwa pamoja, hawa viongozi mliowachagua hawana cha kuongoza, hata uwape semina ya wiki.

Afu kuna baraza la viongozi wa patroli. Linakaa? Hujaligusa kabisa kwenye maelezo yako na mi naona hapo ndo penye kazi. Mwenyekiti ni kiongozi mkuu wa vijana, mwandishi anaandika, skauti masta anakaa pembeni, siyo mbele. Na anayekaa pembeni anyamaze kweli. Kuna kikao chetu kimoja dogo aliuliza kambini maji tutatoa wapi, wote wakanigeukia mimi, mi nikamtazama mwenyekiti, mwenyekiti akatazama karatasi yake. Kimya kirefu, wazima wenzangu wanahangaika kwenye viti wanatamani kujibu. Mwisho katoto kadogo kuliko wote pale kakasema si tumuulize mwenye eneo, wakamteua mmoja aende kuuliza na mwandishi akaandika jina lake. Mimi jibu nilikuwa nalo muda wote.

rova_mstaafu_mtarajiwa

Shikamooni wakubwa. Mimi niliwahi kuwa kiongozi mkuu wa vijana kwenye kundi letu, sa hivi niko rova, yaani ngazi ya skauti vijana wakubwa, naomba niongee upande wa huyo anayepiga filimbi na kugeuka.

Anageuka kwa sababu anajua mkutano mtauchukua tu. Akianza kusema kitu taratibu mmoja wenu atamalizia, akikosea hatua mtamsahihisha palepale mbele ya wadogo, sasa ya nini ajichoshe bora awatazame mapema. Skauti masta wetu alikuwa na tabia moja ambayo mi naona ilinifundisha kuliko kozi zote, nikiwa mbele hanisahihishi, hata nikiharibu. Mkutano ukiisha tunasimama mlangoni wawili, watu wakiwa wanaonekana pale nje, dakika chache tu, ananiuliza nini kimeenda vizuri, nini kimekwama, mkutano ujao utabadilisha nini. Ananiuliza, hanihubirii. Kuna mkutano mchezo ulivunjika katikati maana nilisahau kuwaambia sheria patroli mbili, wakaanza kugombana, yeye kakaa kwenye kiti anakunywa maji. Mlangoni akaniuliza tu ungewapa sheria saa ngapi. Mpaka leo mchezo siuanzishi bila kusimamisha watu kwanza.

Huyo anayefoka msimvue haraka. Mara nyingi mtu anafoka kwa sababu ameambiwa wewe ndo unawajibika ila hajaonyeshwa kugawa kazi, kwa hiyo silaha aliyonayo ni sauti. Mkalishe umfundishe kutengeneza zamu ya kambi, majina ya patroli upande mmoja, siku upande wa pili, katikati kuni, maji, kupika, kuosha vyombo, na jina lake mwenyewe liwemo kwenye kuosha vyombo tena siku ya kwanza. Waipange pamoja na patroli yake, ibandikwe kwenye hema. Ikifika saa ya maji hana haja ya kufoka, anaonyesha karatasi. Akiendelea kufoka na karatasi ipo, hapo sasa muongee mengine.

mzazi_wa_wawili

Samahanini, mi siyo kiongozi, ni mzazi tu, watoto wangu wawili wako skauti. Hizi habari za kukaa kwenye kiti unakunywa maji watoto wanagombana mi zinanipa presha kusema kweli. Mtoto wa miaka 11 chini ya kijana wa miaka 14 porini, nani anajua anamfanya nini? Uongozi ni mzuri ila mi nimempeleka mtoto kwa watu wazima, sijampeleka kwa mtoto mwenzake.

fundo_la_mzee

Dada una hoja, na mtu akikwambia vijana wanaachiwa kila kitu huyo mkimbie. Usalama haugawiwi. Kuogelea, moto, dawa na matibabu, usafiri, nani analala wapi, hayo yanabaki kwa wazima moja kwa moja, na vilevile sheria ya kwamba mtu mzima hakai peke yake faragha na mtoto mmoja. Uonevu pia, kijana mkubwa akimpiga mdogo, akimdhalilisha au akimpa adhabu za kuruka kichura, unaingia palepale, husubiri mlangoni. Na kwenye mafunzo ya viongozi lazima waambiwe kwa mdomo kwamba kiongozi wa patroli hana mamlaka ya kuadhibu mtu. Wengi hawaambiwi hilo, wanaiga walichofanyiwa wao walipokuwa wadogo.

Ila mchezo kuharibika, wali kuungua, hema kufungwa vibaya likadondoka mchana, hayo hayaui mtu. Hapo ndo kiti na maji vinapohusika.

stoo_haidanganyi

Naona swali la nafasi nyingine limerukwa, mi nimesimamia watunza vifaa muda mrefu acha nijibu.

Zina kazi kama mkizipa kazi. Ukimwambia kijana wewe ni mtunza vifaa na funguo ya stoo iko mfukoni kwako wewe mzima, hapo umempa beji tu. Mpe funguo na daftari. Kila hema lina namba imeandikwa kwenye mfuko wake, likitoka anaandika namba, idadi ya nguzo, idadi ya vigingi, kiongozi wa patroli anasaini, likirudi wanahesabu wote wawili. Na hema lililolowa halipokelewi! Wetu alikuwa kabinti kafupi hivi, patroli ya wakubwa ikarudi usiku imechoka na hema lina unyevu wanataka kulisukumia ndani waende nyumbani, kakawasimamia mlangoni kakasema kalianikeni kwanza, wakanitazama mimi, nikasema muulizeni mtunza vifaa. Walilianika. Wewe unayejua hema lipi lina nguzo pungufu, hiyo taarifa haitakiwi kuwa kichwani kwako mkuu, iwe kwenye daftari lake.

Mwandishi naye hivyohivyo, baraza likikaa ndo ana kazi, lisipokaa ataandika nini.

Tahadhari moja. Kule Marekani kushika wadhifa ni sharti la kupanda madaraja, daraja la Star linataka miezi 4 ya kuwajibika, Life na Eagle miezi 6 kila moja. Ni utaratibu mzuri maana unamlazimisha kila kijana apite kwenye uongozi, ila wao wenyewe wanalalamika kuna vijana wanachukua cheo wahesabu miezi tu. Kwa hiyo popote ulipo, ukimpa mtu nafasi mwandikieni kazi zake tatu nne kwenye karatasi, na katikati ya muhula mkae naye muipitie, siyo mwisho wakati muda umeshapotea.

msaidizi_wa_kundi

Asanteni sana wakuu, na dada mzazi pia, lile la adhabu nitalibeba kama lilivyo. Nimeongea na skauti masta amekubali baraza lianze kukaa kila mwezi na funguo ya stoo tutoe, kidogo alisita kwenye funguo ila kakubali. Mafunzo tutarudia nusu siku na ratiba mezani. Bado mawili, muhula mnaweka muda gani, na huyu mpole nimfanyeje?

fundo_la_mzee

Sisi miezi sita, anaweza kugombea tena. Mwaka mzima ni mrefu kwa mtoto, akiharibu patroli inateseka sana, na wengine hawapati zamu.

rova_mstaafu_mtarajiwa

Mpole msimsukume kuhutubia. Mpe kitu kimoja anachokijua vizuri, mfano fundo la kuungia kamba mbili, afundishe wadogo wawili tu, siyo kundi zima. Aeleze, aonyeshe, awaache wafanye yeye akiwaangalia, afu aondoke wafanye wenyewe. Wakiweza, mkutano unaofuata mpe patroli nzima. Na msaidizi wake amchague mwenyewe, mi ningemshauri amchukue mwenye sauti, yule wa kupiga kelele "patroli kusanyikeni", yeye aendelee kuongea na mtu mmojammoja kama anavyofanya sasa. Watu walimchagua wakijua hivyo alivyo.