Mjadala: Mussolini aliipata Italia kwa maneno yake, au alikabidhiwa na wakubwa?

Mwalimu Mstaafu
Ndugu zangu, naomba tuijadili hoja moja ambayo husemwa kana kwamba haina ubishi: kwamba Waitalia walilevywa na propaganda hadi wakampa Benito Mussolini nchi yao. Mimi siikubali. Alipoanzisha kundi lake la kifashisti mjini Milan, Machi 1919, tayari alikuwa mhariri hodari, na gazeti lake, Il Popolo d'Italia, lilikuwa likitoka tangu 1914. Maneno alikuwa nayo tele. Uchaguzi wa Novemba mwaka huohuo ulipofika, Milan ilimpa kura zisizofika 5,000, na hakuambulia hata kiti kimoja bungeni. Kilichobadilika baada ya hapo ni kwamba wenye mashamba makubwa wa bonde la mto Po, waliokuwa wamechoshwa na migomo ya vibarua, waliwapa Mashati Meusi, yaani wanamgambo wa Mussolini, fedha na malori; nao wakazunguka vijijini wakichoma ofisi za vyama vya ushirika na kuwanywesha wapinzani wao mafuta ya mbarika kwa nguvu, huku polisi wakitazama kando. Oktoba 1922 waziri mkuu Luigi Facta aliandaa amri ya hali ya hatari ili jeshi liwazuie Mashati Meusi, waliokuwa wakiandamana kwenda Roma, wasiingie mjini. Mfalme Vittorio Emanuele III alikataa kuitia saini. Huyo mfalme hakuwa amelevywa na gazeti lolote.

Kijana wa Ngamiani
Shikamoo, Mwalimu. Hapo mwisho umekwenda haraka mno. Mfalme na wenye mashamba waliogopa nini? Waliogopa mapinduzi kama yale ya Urusi. Lakini wafanyakazi walioteka viwanda Septemba 1920 walitoka kwa makubaliano majuma machache baadaye, na kufikia 1922 nguvu ya migomo ilikuwa imekwisha kushuka. Hatari ilipungua, hofu ikazidi. Ni nani aliyeikuza kama si magazeti? Propaganda haina haja ya kumshawishi kila mpiga kura. Inatosha imfikie mwenye kalamu ya kutia saini. Na tumpe mtu haki yake hata kama hatumpendi: baada ya miaka ya vurugu treni zilianza kufika kwa wakati, na hilo watu waliliona kwa macho yao, hawakuhadithiwa.

Bint Reli
Kaka, ulikuwa ukienda vizuri mpaka ulipopanda treni. Mimi ni mtoto wa mfanyakazi wa reli, na sifa hii nimeisikia tangu utotoni, aghalabu kutoka kwa watu wasiojua hata ratiba ya treni hupangwaje. Kazi ya kutengeneza njia zilizoharibika wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia ilianza kabla yake. Alichokiongeza ni kuwafukuza maelfu ya wafanyakazi wa reli, wakiwamo wengi waliojulikana kwa migomo. Treni za masafa marefu, ambazo wageni walizipanda kisha wakaenda kuzisifu makwao, zilitunzwa. Nyingi za vijijini zilibaki na mwendo wake wa zamani. Isitoshe, kuanzia 1925 mhariri asiyeipendeza serikali aliweza kuondolewa kitini. Pasipokuwa na gazeti linalothubutu kuandika kwamba treni imechelewa, treni zote hufika kwa wakati.

Kijana wa Ngamiani
Dada yangu, umenivika shati jeusi nisilolinunua. Sikusema Mussolini alikuwa mwema; nimesema watu waliona mabadiliko. Kama kila anayetaja reli anahesabiwa fashisti, basi mjadala tuufunge sasa.

Bint Reli
Sijakuita fashisti. Nimesema umelibeba neno lao bila kulikagua, na hilo hata watu wazima wenye shahada hulifanya.

Mwalimu Mstaafu
Turudi kwenye hoja, tafadhali. Ingawa, kwa kuwa mmeitaja treni, Mussolini mwenyewe hakuandamana kwenda Roma. Alibaki Milan mpaka mfalme alipomwita aunde serikali, akapanda treni ya usiku akiwa katika behewa la kulala, akawasili tarehe 30 Oktoba, ilhali vijana wake walikuwa wamelowa mvua nje ya mji. Simulizi ya kuiteka Roma kwa nguvu ilipambwa baadaye.

Msomaji wa Magomeni
Na hiyo treni ilifika kwa wakati?

Mjukuu wa Askari
Wenzangu mnacheka. Babu yangu alikuwa askari wa King's African Rifles, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki, na mwaka 1941 alipigana na Waitalia Somalia hadi Ethiopia, kwa hiyo mniwie radhi nikishindwa kufurahia ratiba za treni. Tarehe 3 Oktoba 1935 Italia iliivamia Ethiopia, na ndege zake zikamwaga gesi ya haradali, ile inayochubua ngozi na kupofusha macho, juu ya askari, wakulima na mifugo. Haile Selassie alikwenda Geneva Juni 1936, akausimulia ukatili huo mbele ya Shirikisho la Mataifa. Wakati huo Mwitalia aliyekwenda kutazama sinema alilazimika kwanza kuonyeshwa habari za Istituto Luce, shirika la filamu la serikali, kwa sababu tangu 1926 kila jumba la sinema lilitakiwa kuzionyesha, na humo aliona barabara, madaraja na watoto wakipewa dawa. Mwalimu, hapo nako utasema propaganda haikuwa na kazi?

Msomaji wa Magomeni
Hapo ndipo ninapowahurumia kidogo. Tarehe 18 Desemba 1935 wanawake walipanga foleni kutoa pete zao za ndoa za dhahabu ili zigharimie vita, wakarudishiwa pete za chuma. Malkia Elena alitangulia kutoa yake mjini Roma. Mwanamke hatoi pete ya ndoa ikiwa hajaamini.

Bint Reli
Hutoa, ikiwa karani wa chama anajua nani katoa na nani kaficha, na mumewe anahitaji kadi ya chama ili aajiriwe. Mimi siwezi kuzipima imani kwa uzito wa pete zile.

Mjukuu wa Askari
Mnamhurumia mtoa pete. Pete ile ilinunua nini?

Mwalimu Mstaafu
Sijasema propaganda haikuwa na kazi. Nimesema haikumpa nchi. Tazameni 1924. Mbunge Giacomo Matteotti alisimama bungeni tarehe 30 Mei akaanika vitisho na udanganyifu wa uchaguzi, na tarehe 10 Juni akatekwa na kuuawa. Magazeti yalikuwa bado na uhuru kiasi, yakaandika kila siku, na wapo wanachama wa chama cha Mussolini walioona haya kuvaa beji zao. Vita ya maneno alikuwa ameshindwa. Wapinzani walitoka bungeni wakimngoja mfalme amwondoe, naye mfalme hakufanya lolote. Januari 1925 Mussolini akasema mbele ya bunge kwamba dhamana ya yote yaliyotokea ni yake, na hakuna aliyemkamata. Lakini vijana wa leo, mliojifunza historia kwa kutazama picha, mnadhani picha ndizo zinazotawala.

Kijana wa Ngamiani
Mwalimu, nilikuamkia kwa heshima nikajibiwa kwa dharau. Nimesoma vitabu, tena baadhi kwa taa ya kibatari. Umri hauongezi ushahidi.

Msomaji wa Magomeni
Vijana wa picha tupo wengi, Mwalimu, na wazee wa kusimuliwa nao hawajapungua.

Mjukuu wa Askari
Mimi picha na vitabu siviingilii. Ufalme wa Italia ulifutwa kwa kura ya maoni mwaka 1946, na Mussolini alikwisha kuuawa mwaka mmoja kabla. Hapakuwa na mfalme, hapakuwa na rungu, na magazeti yalikuwa huru. Hata hivyo mwandishi mashuhuri Indro Montanelli, aliyekuwa ofisa katika vita vya Ethiopia ujanani, aliendelea kukana hadharani kwamba gesi ilitumika, akibishana na mwanahistoria Angelo Del Boca, na wizara ya ulinzi ya Italia haikukiri mpaka 1996. Kwa hiyo nakuuliza, Mwalimu, na safari hii nijibu bila kumtaja mfalme: miaka yote hiyo 50, nani aliyekuwa akiwakataza kujua?