Nyanya kwenye hema la taa Dodoma: maua yanapukutika na majani ya juu ni njano

mche_wa_chumbani
Wakuu habari zenu. Naomba msaada kwa wanaolima ndani ya nyumba.

Nipo Nkuhungu, Dodoma mjini. Hema ni sentimita 60 kwa 60, kimo 140. Taa ni LED ya bodi bapa, boksi limeandikwa wati 1000. Miche ni minne: miwili Micro-Tom, miwili Rio Grande, kila mmoja kwenye ndoo ya lita 10. Udongo ni nusu mweusi wa bondeni, nusu samadi ya ng'ombe. Maji ni ya kisima. Taa inawaka saa 12 asubuhi hadi saa 4 usiku. Mchana ndani ya hema joto linafika nyuzi 35 na unyevu wa hewa ni asilimia 24.

Leo ni siku ya 48 tangu nisie mbegu. Maua yametoka mengi, ila yanakauka na kukatikia pale kwenye kifundo cha kikonyo. Majani machanga ya juu yamekuwa njano, mishipa tu ndiyo imebaki kijani. Nimeshauriwa nipunguze taa iwe masaa 12 ili mmea ulazimike kuzaa. Ni kweli?

fundi_kitalu
Mkuu, usipunguze. Ushauri huo ni wa mimea inayosubiri siku ziwe fupi ndipo ichanue. Nyanya haihesabu urefu wa siku. Ikifikisha umri na majani ya kutosha inatoa maua yenyewe, na ya kwako imeshatoa. Masaa 16 ya mwanga na 8 ya giza ni sawa kabisa. Usije pia ukaiwashia masaa 24 ukidhani utawahi kuvuna: nyanya isipopata giza majani yake huumia na kuwa njano, hilo ni jambo linalojulikana kwa zao hili.

Tatizo lako la kwanza ni joto. Nyanya inashika matunda vizuri mchana ukiwa nyuzi 21 hadi 29. Ikipita 32 chavua inaanza kufa, na ua lisilorutubishwa mmea wenyewe unalikata pale pale kwenye kifundo ulichokitaja.

Hamisha saa za taa. Washa saa 2 usiku, zima saa 6 mchana. Hapo bado ni masaa 16, lakini joto la taa halikutani tena na lile la saa 7 hadi saa 11 jioni. Baada ya kuzima, fungua mlango wa hema na ushushe pazia la dirisha. Mwanga kidogo ukipenya si neno, huu si mmea wa kulindiwa giza kama hazina. Giza la nyuzi 30 si zuri sana, ila ni afadhali mara nyingi kuliko nyuzi 35 chini ya taa.

La pili ni ukavu. Asilimia 24 ni hewa ya jangwani, lenga 50 hadi 70. Kwa bahati hewa kavu ya Dodoma inapoozeka kirahisi: feni ya kutoa hewa ikae juu, tundu la kuingizia liwe chini, na mbele ya tundu hilo ning'iniza kitambaa kizito cha pamba ambacho ncha yake imezama kwenye beseni la maji. Maji yanapokauka kwenye kitambaa yanachukua joto, na hewa inaingia ikiwa baridi na yenye unyevu. Mvua zikianza mwezi wa 12 kiondoe. Unyevu ukizidi 80 chavua inagandamana na haidondoki, halafu ukungu wa majani unaingia.

mama_bustani_makulu
Nakubaliana na fundi, ila hiyo njano si ya joto. Jani changa kuwa njano huku mishipa ikiwa kijani ni dalili ya mmea kukosa chuma. Ingekuwa upungufu wa naitrojeni, ungeanzia majani ya chini na jani lingepauka lote.

Na chuma hakijaisha kwenye udongo wako. Kimefungwa. Visima vingi vya huku vina maji magumu: angalia birika lako kama lina magamba meupe ndani, na ndoo zako kama zina ukoko mweupe ukingoni. Maji hayo yanapandisha pH (kipimo cha uchachu) siku hadi siku, na ikishapita 7 mizizi haiwezi kuchukua chuma hata kama kipo tele. Nunua karatasi za kupimia pH. Maji ya kumwagilia yawe kati ya 6 na 6.5. Anza na mililita 1 ya siki nyeupe kwa lita, koroga, pima, ongeza kidogo kidogo. Ukipata maji ya mvua ni bora zaidi. Kwenye duka la pembejeo ulizia chuma cha aina ya EDDHA, hicho kinafanya kazi hata pH ikiwa juu. Kile cha EDTA kwenye udongo kama wako kitakupotezea hela. Majani yaliyokwisha kuwa njano yanaweza yasirudi vizuri, wewe tazama yanayochipua mapya.

Udongo nao, mwanangu, samadi nusu ni nyingi mno. Chumvi inazidi, na mmea unashiba majani badala ya kuzaa. Udongo mweusi wa mbuga ukiwa ndani ya ndoo unashikana na mizizi inakosa hewa. Usihamishe miche sasa hivi, imeshachanua. Toboa matundu manane chini ya kila ndoo kwa msumari wa inchi 4, kisha pitisha lita 20 za maji yaliyorekebishwa polepole, maji yatoke chini na kumwagwa. Safari ijayo ndoo ya lita 10 changanya hivi: lita 4 udongo tifutifu wenye kichanga, lita 2 samadi iliyooza hadi haina harufu, lita 3 maganda ya mpunga yaliyochomwa (kwa wanaokoboa mpunga wa Bahi yanapatikana), na lita 1 mchanga wa mtoni. Maganda yachomwe yawe meusi, uzime kwa maji kabla hayajawa majivu, maana majivu nayo yanapandisha pH.

mche_wa_chumbani
Shikamoo mama, asante sana. Birika lina magamba kweli. Nikihamia maji ya mvua naongeza mbolea gani?

mama_bustani_makulu
Marahaba. Maji ya mvua hayana kalsiamu, kwa hiyo weka kalsiamu naitreti gramu 1 kwa lita mara moja kwa wiki, na siku nyingine NPK ya kuyeyuka 19-19-19 gramu 1 kwa lita. Zisikutane kwenye chombo kimoja, fosfeti iliyo kwenye NPK na kalsiamu zinagandana na kutuama chini kama chokaa. Kwa wiki mbili za mwanzo acha mbolea kabisa, samadi uliyoweka bado inatosha.

Tunda likianza kuoza kitako, kabla ya kununua kitu angalia umwagiliaji. Kalsiamu inapanda na maji, ndoo ikikauka leo na kufurika kesho haifiki kwenye tunda.

nyuki_wa_ilazo
Hakuna aliyetaja uchavushaji. Ndani ya hema hakuna upepo wala nyuki. Ua la nyanya linajirutubisha lenyewe, ila lazima litikisike ndipo chavua imwagike. Gusa kikonyo cha kila kichala kwa mswaki wa umeme sekunde 2 au 3, usiliguse ua lenyewe. Kama huna, pigapiga shina kwa kidole. Fanya kila siku, masaa 3 au 4 baada ya taa kuwaka, ua likiwa limefunguka na ni kavu. Feni ndogo ndani isaidie, lakini isipulize mche uso kwa uso.

wati_halisi
Wati 1000 hiyo ni maandishi ya boksi. Zima kila kitu ndani ya nyumba, acha taa peke yake, soma LUKU kabla na baada ya saa moja. Ikishuka yuniti 0.1, taa yako ni wati 100, na kwa hema hilo inatosha. Kwa masaa 16 ni yuniti 1.6 kwa siku, 48 kwa mwezi. Ukiwa kwenye kundi la umeme wa bei nafuu lenye kikomo cha yuniti 75 kwa mwezi, imekula zaidi ya nusu. Urefu kutoka taa hadi ncha ya mmea uwe sentimita 30 hadi 40. Ncha zikijikunja juu kama mtumbwi, inua taa.

fundi_kitalu
Nyongeza moja. Rio Grande inakaribia mita moja, na kwenye kimo cha 140 ukitoa ndoo na taa haibaki nafasi. Bakiza mmoja, Micro-Tom hazipiti sana sentimita 20, ziinue juu ya matofali zilingane na mwenzao. Na geuza majani chini kila siku ya tatu: vidoa vyeupe kama vumbi na utando mwembamba ni utitiri mwekundu, unapenda joto na ukavu huo huo ulionao. Nyunyizia maji ya sabuni ya mche, gramu 5 kwa lita, upande wa chini wa jani, taa ikiwa imezimwa, rudia kila siku 4 mara tatu.