Kambi za tenisi za likizo Kampala na Entebbe: tunalipia watoto wasimame foleni?

Wakuu, hili lisemwe hadharani. Matangazo ya kambi za Desemba yameanza kuzagaa kwenye magrupu ya wazazi, na madudu ni yaleyale ya Agosti: watoto wa miaka 7, uwanja mzima, neti ya wakubwa, mpira wa njano wa wakubwa.

Mpira wa njano ukiangushwa kutoka sentimita 254 hudunda 135 hadi 147. Mwekundu, ule wa watoto wanaoanza, hudunda 90 hadi 105. Sasa mpe wa njano mtoto mwenye kimo cha sentimita 120: unamjia usoni, anarudi nyuma, anapinda kifundo cha mkono ili aufikie. Akizoea hivyo, kocha wa baadaye atahangaika sana kumnyoosha. ITF, shirikisho la kimataifa la tenisi, ilishaondoa mpira wa njano kwenye mashindano ya watoto wa miaka 10 kushuka chini tangu 2012. Makocha wetu wanajua, vyeti wanavyo!

Halafu kuna wanaojitetea eti wanatumia mipira iliyokwisha upepo, kwa hiyo "ni laini". Acheni. Mpira uliokufa haudundi, lakini uzito wake uko palepale, gramu 56 na ushee. Mtoto anainama kuuchota na kiwiko ndicho kinachoumia.

"Viwanja hatuna" nao ni uongo. Uwanja mwekundu, yaani mdogo wa watoto wa mpira mwekundu, ni mita 11 kwa 5.5. Uwanja wa kawaida, ukihesabu na vichochoro vya dabo (kanda za pembeni za mchezo wa wawili kwa wawili), una upana wa mita 10.97. Ukiulaza kwa upande unapata viwanja vinne, viwili kila upande wa neti. Unahitaji chaki na kamba nne zilizofungwa kwenye viti, sentimita 80 kutoka chini. Watoto 16 wanakuwa wanne kila uwanja. Badala yake mnawapanga mstari mmoja mbele ya kocha mmoja mwenye kikapu: saa nzima, kila mtoto anapata chini ya dakika nne za kupiga mpira. Iliyobaki ni kuota jua la ikweta.

Raketi msiniambie. Inchi 27 kwa mtoto wa miaka 7! Anatakiwa 23. Asimame wima, mkono ulegee: kichwa cha raketi kiguse ardhi bila yeye kukunja kiwiko.

Michezo ya nje ndiyo inatisha zaidi. Mnawapeleka watoto kuogelea Ziwa Victoria bila neno lolote kuhusu kichocho, wala hamwambii mzazi kwamba prazikwanteli, dawa ya kichocho, haiui minyoo yake michanga, kwa hiyo kuinywa jioni ileile si kinga. Na radi? Kiryandongo mwaka 2011 iliua wanafunzi 18 shuleni kwao. Bado mnawakimbizia watoto chini ya mwembe au kibanda cha nyasi! Ngurumo ikisikika ndani ya sekunde 30 baada ya mmweko, wote waingie kwenye jengo la kudumu au basi lililofungwa, mbali na uzio wa waya. Hakuna kurudi uwanjani mpaka dakika 30 zipite tangu ngurumo ya mwisho.

Mwenye kambi ya Desemba ajibu hapahapa kabla hatujatuma pesa kwa simu: mipira myekundu mnayo mingapi, watoto wangapi kwa kila kocha, na mvua ikija mnawaingiza jengo gani?